Nafasi ya Kumi na Nane

Mimi ndiye katibu wa timu, na katibu ndiye anayetuma orodha. Nalisema hilo mwanzo kwa sababu mpaka leo kuna watu hapa mtaani kwetu Adelphi wanaodhani mume wangu alitemwa na mwenyekiti. Hapana. Jina lake nililifuta mimi, kwa kidole changu hiki, kwenye kompyuta iliyokuwa juu ya meza ya kulia chakula, pembeni ya maandazi ambayo hakuna aliyeyagusa.

Timu yenyewe ni ya besiboli. Najua, najua. Watu wa kwetu wakisikia huuliza kwa nini si mpira wa miguu kama binadamu wengine. Lakini mume wangu alijifunza besiboli akiwa sekondari Dar es Salaam, kwa mwalimu wa kujitolea kutoka Japani, na alipofika Marekani akakuta mchezo wake uko kila kona. Akakusanya wenzake: Watanzania, Wakenya, Wakongo wawili, na jirani yetu mmoja kutoka El Salvador anayetufokea kwa Kihispania tukikosea. Tunacheza Jumapili, katika ligi ya watu wazima. Mume wangu ndiye mrushaji, yule anayesimama katikati ya uwanja juu ya kijilima cha udongo na kumrushia mpira mpinzani mwenye gongo la kuupigia. Mrushaji akiwa mbovu, wenzake hata wawe hodari vipi watashinda kutwa nzima wakikimbizana na mpira kwenye nyasi.

Msimu uliopita tulikuwa na warushaji wawili wanaopokezana. Baridi ilipoanza, yule wa pili akapata kazi Texas, akahama na familia yake. Akabaki mume wangu peke yake, mwenye miaka arobaini na tatu, na bega lake la kulia lilikuwa limekufa.

Limekufa nasema mimi. Daktari wa Annandale alisema nyama zinazolishikilia zimechanika, bado hazijakatika, na kwamba akiendelea kurusha zitakatika, na hapo itakuwa upasuaji na miezi mingi bila kuinua kitu. Kazi ya mume wangu ni kuinua. Anafanya katika nyumba ya kulea wazee, huwatoa vitandani, huwakalisha kwenye viti, huwarudisha. Kwa daktari tulikuwa wawili tu, mimi na yeye. Tulipofika kwenye gari akaniambia, "Mama watoto, hili libaki baina yetu. Nikipumzika mpaka mwezi wa tatu litapona." Nikaitikia. Kila jioni akirudi kazini nikawa nampaka mafuta ya karafuu, na kila jioni nikaona mkono hauvuki sikio. Koti lake nikawa namvalisha mimi, kama mtoto wa chekechea.

Januari tukafanya kikao cha usajili kwenye ukumbi mdogo wa fleti zetu. Mume wangu alikuwa zamu. Tulikuwa watatu: mwenyekiti, ambaye ni mzee wa Mombasa anayeendesha basi la shule; kocha, ambaye ni nesi wa Nakuru; na mimi na daftari langu. Ligi inaruhusu majina kumi na nane, na orodha ilikuwa inafungwa Jumamosi ya wiki inayofuata, saa sita mchana. Baada ya hapo haingii mtu wala hatoki mpaka msimu uishe. Kumi na saba walikwishathibitisha. Ilibaki nafasi moja.

"Kuna kijana Manassas, Mmeru," kocha akasema. "Team yake ime-collapse, so ako free. Nime-watch video zake. Anarusha hadi unaogopa."

"Mchezaji huru hakai sokoni siku mbili," mwenyekiti akasema. "Lakini nafasi iliyobaki ni ya bwana wa huyu." Akanigeukia. "Bibie, wewe ndiye unayeishi naye. Bega lake vipi? Ukisema ni zima, namwandika yeye na habari ya kijana imekwisha. Simuulizi mtu mwingine."

Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema muulizeni mwenyewe. Nikasema, "Linaendelea vizuri." Kocha akafunga simu yake. Nikarudi nyumbani nimejawa na fahari ya kijinga, najiona mke aliyetunza siri.

Kesho yake, Jumapili, nilikuwa naosha vyombo nikamwona dirishani. Alikuwa peke yake nyuma ya jengo, karibu na pipa kubwa la taka, na mpira mkononi. Akaurusha ukutani. Akainama, akaushika mkono wake kama anayemzuia mtu asianguke, akaenda kukaa ukingoni mwa barabara. Nikadhani amekoma. Akainuka, akafuta uso kwa kiganja, akaurusha tena. Alirusha mara nne. Alipopanda juu uso ulikuwa wa kijivu, akaniambia alikwenda kutupa taka.

Nilikasirika, na sitaki kulipamba. Nilikasirika naye kwa kunifanya mjinga, nikajikasirikia kwa kukubali. Huyu mtu alikuwa anakwenda kuuvunja mkono wake mbele yangu, kila Jumapili, bila wa kumpokea, kwa sababu mimi nilisema linaendelea vizuri. Jumatatu, wakati wa mapumziko kazini, nikampigia mwenyekiti. Nikamwambia yote: daktari, mafuta, pipa la taka, koti. Sikuacha kitu. Mume wangu sikumwambia, na hapo ndipo kosa langu lilipo.

Mwenyekiti hakunigombeza. Alisema, "Basi tutakwenda Manassas. Na tutakwenda kwa adabu."

Kwa mzee wa Mombasa, kwenda kwa adabu ni kwenda kuposa. Kocha akalalamika, "Mzee, si nim-text tu?" Akaambiwa kijana ana wenyewe. Mwenyekiti akaandika barua kwa mkono, akaifunga katika kitambaa cheupe, akanunua halua, na Jumanne jioni tukaingia barabarani washenga watatu kwenda kuposa mrushaji. Kwenye foleni kocha alicheka mpaka akatokwa machozi. Mimi sikucheka.

Kijana alikuwa anaishi kwa mama yake mkubwa, mwanamke mpana mwenye sauti ya taratibu, ambaye naye hulea wazee. Alitupa chai ya maziwa na chapati, akaisoma barua mara mbili. Mwenyekiti akaanza maneno yake, tumeona ua katika bustani yenu, na kocha akakohoa kuficha kicheko. Kijana alikuwa amekaa pembeni ameinamisha kichwa, na kikombe kilipotea kabisa katika mikono yake. Mama hakucheka.

"Na hii place ni ya nani?" akauliza.

Kocha akajishughulisha na chapati.

"Nimeuliza. Hii timu imekuwa na mtu wa ku-pitch. Ako wapi?"

"Anaumwa bega," mwenyekiti akasema.

"Anajua mko hapa?"

Mwenyekiti akanitazama, kocha akanitazama. Mama naye akafuata macho yao, akanitazama, na akaelewa mimi ni nani.

"Mimi siwezi kuruhusu huyu mtoto akae kwa kiti ya mtu mzima, na huyo mtu hajaambiwa," akasema. "Mzee mwenye hiyo bega aniambie na mdomo wake. Akiniambia, mtoto ni wenu. Asiponiambia, kuna timu ingine imeniuliza juu yake, na hao hawakuniletea halua lakini pia hawakunificha kitu."

Tuliaga. Tulipokaribia Adelphi mwenyekiti akaniita. "Bibie, sisi hatuwezi kumwambia," akasema. "Siri ni ya nyumbani kwako na wewe ndiye uliyeitoa. Umwambie wewe."

Jumatano mume wangu alirudi na mafuta ya kulainishia ngozi ya glavu, akakaa sebuleni kuipaka, huku anaimba. Nikanyamaza. Alhamisi alichora kwenye karatasi wachezaji wa timu zote tunazokutana nazo, huyu nitamrushia chini, huyu nje. Nikanyamaza. Ijumaa nilifungua mdomo, nikasema, "Baba watoto, kuna jambo," naye wakati huohuo akasema, "Unajua bila mimi mwaka huu hawana mtu?" Akacheka kwa raha. Nikamwambia jambo lenyewe ni taa ya bafuni imeungua. Kweli ilikuwa imeungua. Akaenda kuibadilisha kwa mkono wa kushoto.

Jumamosi nikakaanga maandazi. Kompyuta ilikuwa wazi mezani, orodha imejaa, jina lake likiwa la kumi na nane. Saa tatu na nusu asubuhi alikaa kunywa chai, na nikamwambia kwa pumzi moja, kama mtu anayebandua bandeji. Kikao. Kijana. Manassas. Yule mama anakusubiri wewe useme, anwani yake hii hapa.

Hakupandisha sauti. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele, na kelele naziweza.

"Habari ya bega nani alimwambia mwenyekiti?"

"Mimi."

"Na daktari?"

"Na daktari."

Akakizungusha kikombe chake. "Koti?"

Nikasogeza sahani ya maandazi.

"Mke wangu, nimekuuliza. Na la koti uliwaambia?"

"Na la koti."

Akainuka, akaenda kulitoa koti mlangoni. Akaingiza mkono wa kushoto. Ule wa kulia ukagoma. Akainama, akatikisa, akajaribu kwa nyuma, akajaribu kwa chini, na mimi nikasikia anavyovuta pumzi. Nikasimama nimsaidie. Akasema, "Kaa." Nikakaa. Ilimchukua muda mrefu. Likaingia, akachukua funguo za gari, akaenda zake.

Nikampigia, simu yake imezimwa. Saa nne na nusu mwenyekiti akapiga kuuliza amelipokeaje. Nikamwambia katoka. "Usimpigie yule mama," akaniagiza, "kufukuzia jibu ni kukosa adabu." Nikamwambia adabu yake ndiyo iliyonifikisha hapa, nikamkatia simu. Mzee wa watu. Nilimwomba radhi baadaye.

Nikabaki na ile orodha. Nisingefanya lolote, saa sita ingefika na jina lake lingekuwepo, na huenda angerudi akaniona nimemheshimu. Na mwezi wa nne angesimama juu ya kile kijilima, na mimi ningekuwa kwenye benchi na daftari, nasubiri kusikia bega linakatika. Nikilifuta, na Manassas wakikataa, timu haina mrushaji na mimi sina mume wa kuzungumza naye. Niliyapanga hayo mawili upande kwa upande zaidi ya mara moja. Saa tano na dakika arobaini nikalifuta.

Kompyuta ikaniuliza sababu. Ilinipa tatu nichague, zilezile za kila msimu: ameacha mwenyewe, majeruhi, timu imemwacha. Bila sababu haikubali kuendelea. Nilikuwa nalia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni.

Saa tano na dakika hamsini simu ikalia. Ilikuwa Manassas.

"Mzee ako hapa kwangu," yule mama akasema. "Ameongea na mdomo wake. Andika mtoto."

"Amesema nini?"

"Amesema bega imeisha. Na saa hii ako nje na mtoto, anamfunza vile anafaa kushika mpira."

Nikaomba kuzungumza naye. Nikasikia mlango, nikasikia sauti yake kwa mbali, kisha mama akarudi kwenye simu, na safari hii akasema polepole.

"Hawezi kuja sasa. Anasema kwa ile place ya sababu uandike majeruhi. Anasema haina haja ya kuficha, tayari kila mtu anajua."

Nikaandika majeruhi. Nikaandika jina la kijana. Orodha ikaenda zikiwa zimebaki dakika nne.

Alirudi alasiri, akatoa salamu, akala. Hakununa wala hakunitukana, na hilo lilinitesa zaidi. Ila mafuta ya karafuu akayahamishia bafuni. Akawa anajipaka mwenyewe kwa mkono wa kushoto, mlango kaufunga, na mimi nasikia chupa inaanguka kwenye sinki. Koti akawa analivaa mwenyewe, kwa dakika tatu, dakika nne, nami nimepigwa marufuku kusimama. Hivyo ndivyo tulivyoimaliza baridi.

Msimu ulipoanza alikuwa mwalimu wa warushaji, cheo alichokizua yule kijana mwenyewe, aliyekataa kucheza bila yeye. Mchezo wa kwanza tulishinda. Kijana alirusha mpaka watu wa timu nyingine wakavua kofia, na kila alipomaliza zamu alikuja moja kwa moja kwenye benchi kumtazama mume wangu, si kocha. Watu wakampongeza mwenyekiti kwa usajili. Mzee akapokea pongezi zote bila haya.

Tulipofika nyumbani jua bado lilikuwa juu. Mume wangu akatoka bafuni na chupa, akakaa kwenye kigoda mbele yangu, mgongo wazi. "Paka," akasema. "Ila la leo usimpelekee mwenyekiti." Sikujua kama ni mzaha. Nilimpaka, na kwa mara ya kwanza tangu Januari aliuacha uzito wa kichwa chake ukae kwenye goti langu.

Juzi nilipomaliza kuandika haya nilimpa asome kabla ya mtu mwingine yeyote. Safari hii niliomba ruhusa kwanza. Alisoma yote amesimama, jikoni, amevaa miwani yangu, na zamu yake ilikuwa karibu kuanza.

"La koti umeliandika," akasema.

Nikamwambia nitalifuta.

Akaweka karatasi mezani. Akaenda mlangoni, akalichukua koti, akanipa, akanigeuzia mgongo na kurudisha mikono nyuma.

"Liache," akasema.