Tikiti zangu mbili zimemkalisha adui ubavuni mwa mwanangu

(Mama aliyetuletea barua hii ameomba asijulikane. Majina yaliyomo si ya kweli.)

Assalamu alaikum wasomaji. Mimi ni mama wa miaka arobaini na sita, naishi Likoni, nina watoto wanne na wa kike ni mmoja tu, nitamwita Saumu. Shule niliachia darasa la nne, kwa hivyo mtanisamehe mwandiko. Nina hasira na watu watatu, na mmoja wao ni mimi mwenyewe.

Mwezi uliopita palikuwa na taarab ya kina mama watupu, Jumapili baada ya adhuhuri. Saumu ana mimba yake ya kwanza, na alikuwa hatoki nje kwa maneno ya watu. Kuna mwanamke, nimwite Zuhura, aliyekuwa akimtaka mume wa Saumu kabla hawajaoana, na mpaka leo hajakubali kuwa ameshindwa. Nikasema mwanangu lazima afurahi. Nikanunua tikiti nne za mia mia, viti vya nambari, safu moja: mimi, Saumu, dada yangu wa Magogoni na bintiye. Tukanunua na leso za sare.

Zikiwa zimebaki siku tatu, shemeji yangu akalazwa hospitali. Dada na bintiye hawaji tena. Tikiti mbili zimekaa kabatini, na mlangoni hawarudishi pesa.

Saumu akaniambia, "Mama, mpe Bi Mize wa saluni akuuzie. Yeye hauzi ovyo, humjua anayempa."

Nikaenda. Bi Mize akasema anachukua robo, shilingi ishirini na tano kwa kila tikiti.

"Robo nzima, Bi Mize? Kwani umezichapisha wewe?"

"Dada, mie nachunga nani anakaa na nani. Hiyo ndiyo kazi, karatasi kila mtu anauza."

Nikaona ananifanya mjinga. Karibu na feri kuna bwana mmoja muuza kanda za nyimbo, yeye huuza na tikiti za watu, kamisheni yake shilingi kumi tu. Nikapiga hesabu njia nzima. Kwa Bi Mize napoteza hamsini, kwa huyu ishirini. Nikampa muuza kanda, nikamwambia ni viti vya ubavuni mwa binti yangu mwenye mimba. Jioni ile ile akaniletea mia na themanini, nikamsifu mbele ya Saumu, nikasema umeona, huyu ndiye mtu wa kazi.

Wallahi, thelathini nilizookoa hazitoshi kilo ya sukari.

Jumapili tumekaa, ukumbi umejaa, udi umetanda. Viti viwili vya ubavuni mwa Saumu vitupu. Mwimbaji alipoanza wimbo wa pili, nikamwona Zuhura anaingia na shoga yake, wamejipamba kama maharusi, wanasoma nambari za viti. Moja kwa moja mpaka kwetu. Akakaa, bega lake linamgusa mwanangu.

"Hujambo mwenzangu? Mimba imekushusha uso, pole."

Saumu akajivuta upande wangu. Mie nikataka tuhame, lakini tungehamia wapi? Basi ulipofika ubeti wa mke anayelala na ufunguo mkononi na kumbe nyumba ina mlango wa nyuma, Zuhura akainuka na noti. Nyinyi mnajua kumtunza mwimbaji pesa kulivyo. Hakwenda kwa mwimbaji moja kwa moja. Akaizungusha ile noti juu ya kichwa cha mwanangu, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, anacheza, kisha ndiyo akaipeleka jukwaani. Ukumbi mzima vigelegele. Wengine wamesimama juu ya viti wamwone anayepigwa dongo ni nani.

Nje Saumu hakulia. Aliniuliza neno moja: "Mama, kwa nini hukumpa Bi Mize?" Nikamwambia yule bwana wa feri alikuwa na bei nafuu. Akasema, "Basi umeniuza kwa shilingi ngapi?" Akapanda gari peke yake.

Kesho yake asubuhi nikamwendea muuza kanda, nikamvaa mbele ya wateja wake. Hakutikisika.

"Mamangu, yule dada alikuja akauliza nani ana viti karibu na yule mwenye mimba. Nikamwambia ninavyo. Akatoa mia mbili kwa kila kimoja."

"Na wewe ukampa?"

"Mie nauza tikiti, sichagui jirani. Ungetaka wa kukuchagulia ungelipa bei yake."

Nilimtukana matusi ambayo sitayaandika hapa. Lakini nilipokuwa narudi nyumbani nilijua maneno yake ni yale yale ya Bi Mize.

Sasa kinachoniuma. Kwetu mimba ya kwanza mtu huzalia kwa mamake. Chumba nimeshapaka chokaa, godoro jipya, mafuta ya nazi nimekamua mwenyewe, pilipili manga ya uji wa uzazi nimetwanga. Saumu amekwenda kwa mama mkwe wake Kisauni, anasema atazalia huko. Mkwe wangu alikuja, kijana wa heshima, akaniamkia, akakaa anatazama chini. "Mama, amesema akijifungua utaletewa habari."

Habari! Kama jirani!

Mume wangu ananiambia nimwache apoe. Lakini mimba ya kwanza haina mara ya pili. Na nikienda Kisauni, mama mkwe ataniuliza kwa nini binti amekimbia kwao. Saumu hajamwambia. Nikisema kweli, nimemwaibisha ukweni, maana itabidi niitaje ile habari ya Zuhura na mume wa Saumu. Nikidanganya, Saumu atakuwa amesimama hapo anasikia mamake akisema uongo, na hapo ndipo atanichukia kabisa.

Mlio na mabinti, nisemeni, nikosoeni, sikatai. Ila mnijibu: niingie kwa watu bila kuitwa, au nikae na chumba changu kitupu nikingoja habari? Mwezi wake ni huu.