Nilimsemea Dafroza kwa Sababu ya Vibuyu

Kosa ni langu, wala simsingizii shetani. Nisikilizeni kwanza, na mkitaka kunitukana, nitukaneni nikishamaliza.

Mimi ni mtu wa kushuku. Hata chumvi nikipimiwa dukani huikodolea macho mizani. Na miaka ile ya vijiji vya ujamaa tulihimizwa kuwa macho: kahawa ilivushwa kwa magendo, gongo, ile pombe haramu, ikapikwa migombani. Basi mimi nikawa macho kupita kiasi!

Kijiji chetu kilikuwa kando ya ziwa, huku Muleba. Jirani yangu Dafroza alikuwa mkimbizi kutoka Rwanda, yeye na mumewe na binti yao. Alinizoea, akaniita dada. Ila jambo moja lilinikera: hakuteka maji mwenyewe. Tukifika ziwani husimama mbali, ananipa ndoo nimtekee. Nikajiambia, huyu mvivu, au ana lake.

Kisha nikaanza kumwona jioni akishuka ziwani na bintiye, bila ndoo. Wanarudi nguo zimelowa, wananong'ona na msichana mmoja, mwalimu wa shule yetu. Nikiwakaribia, wananyamaza. Hapo nikazidi kushuku! Anayekwepa maji mchana anafuata nini ziwani jioni?

Siku moja nikapita nyuma ya nyumba yake kumtafuta mbuzi wangu. Chini ya majani makavu ya migomba nikakuta vibuyu, vimezibwa midomo kwa nta, vimefungwa viwili viwili kwa kamba. Sikugusa hata kimoja. Wala sikumuuliza mwenyewe. Nilikwenda moja kwa moja kwa balozi wetu, kiongozi wa nyumba kumi.

"Gongo hiyo, wanaivusha ziwani," nikamwambia.

"Umeionja?"

"Nionje nini, Balozi! Macho yangu hayatoshi?"

Mgambo wakaja, wakavipasua vyote mbele ya watu. Vitupu! Dafroza akakaa chini, akalia. Mwalimu akaja mbio, akatueleza: vile ni vya kujifunga kifuani, mtu asizame anapojifunza kuogelea. Alikuwa akiwafundisha wanawake na watoto wa wakimbizi pamoja na wa kwetu, jioni, wanaume wasiwaone. Dafroza alifiwa na mwanawe katika mto Kagera, walipokuwa wakivuka kukimbia. Tangu hapo maji yalimtetemesha. Juma lile ndiyo kwanza alikuwa ameingia hadi kiunoni, akacheka.

"Mbona hamkuniambia?" nikauliza.

"Wewe, mama? Mdomo wako tunaujua," akajibu mwalimu.

Mama wee! Niliona aibu, lakini hata hapo sikusema kuwa ni mimi.

Mumewe akasema hawezi kuishi mahali anapopekuliwa kama mwizi. Mvua ilikuwa imekata barabara, ikabidi waondoke kwa mtumbwi kwenda Bukoba. Dafroza alifika ukingoni mwa maji akasimama, anatetemeka mwili mzima. Hakujua aliyemsemea, balozi alinificha. Akawatazama watu wote, akaja kwangu.

"Dada, nishike mkono."

Nikamshika. Nikaingia naye majini, nikampandisha. Akasema, "Mungu akubariki, dada." Nami, bila haya, nikaitikia amina!

Wenzangu, ukimshuku jirani, piga hodi kwake umuulize yeye, hata kwa ukali. Akikudanganya, hiyo ni dhambi yake. Mimi sikuuliza, na niliyemkosea alikwenda zake akiniombea.