Samaki wa London na Samaki wa Shangazi Rukia

Nilikwenda London kwa sababu ndege yangu ya kurudi nyumbani iliondokea huko. Nilikuwa nimemaliza shahada ya pili Newcastle, mji wa kaskazini wenye upepo unaoingia hadi ndani ya soksi, na muda wote wa masomo sikuwahi kuuona mji mkuu. Niliogopa kupotea. Sasa nilikuwa na siku tatu kabla ya safari, nikaamua nitatazama majengo ya kale na kula vyakula ambavyo watu husimulia. Nilipanga kwa bidii kuliko nilivyoandika tasnifu. Nilisoma maoni ya wateja wa duka moja la samaki na chipsi kando ya mto mpaka nikajua ni meza gani haipigwi na upepo. Nilikuwa na njia ya kwenda, njia ya pili kama treni zitagoma, na ya tatu kama mabasi nayo yatagoma kwa kuzionea treni huruma.

Mahali pa kulala sikupanga mimi. Palipangwa nyumbani, Tanga.

"Shangazi yako yuko Tottenham, huko huko London," mama aliniambia kwenye simu. "Ukilala hotelini watu watatuonaje?"

Shangazi Rukia ni dada pekee wa baba. Hawakuwa wamezungumza tangu bibi, mama yao, alipofariki na shangazi asije mazishini, miaka mingi iliyopita, mimi nikiwa mtoto. Baba hakumsema vibaya. Hakumsema kabisa. Siku hiyo alichukua simu, akasema, "Mwambie hatujambo," akairudisha. Mama akamalizia kwa sauti ya chini: "Idrisa, chakula chake usikikatae. Kila sahani utakayorudisha, atajua ni kaka yake aliyeirudisha."

Mtu mwingine angeitikia na kulala. Mimi niliona amani ya ukoo mzima imewekwa ndani ya tumbo langu, tumbo ambalo hata sambusa ya moto hulitia wasiwasi.

Ijumaa jioni basi lilinishusha kituo cha Victoria, nikaingia treni ya chini ya ardhi. Nilikuwa nimesoma kwamba kwenye ngazi za umeme watu husimama kulia na kuwaachia wenye haraka kushoto, kwa hiyo nilisimama kulia. Begi langu nililiweka kushoto. Watu waliliruka kwa adabu kubwa, kila mmoja akiniomba radhi kama vile begi ni lake.

Tottenham ilinipokea vizuri zaidi. Nje ya maduka kulikuwa na muhogo, ndizi mbichi na bamia, na kutoka kwenye jengo lililoonekana kuwa ghala la zamani ilisikika kwaya ikifanya mazoezi. Shangazi anaishi ghorofa ya tatu kwenye nyumba za kupanga za halmashauri ya mji. Mlango ulifunguka kabla sijabisha.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Ingia upesi, unaniingizia baridi." Alinitazama kwa muda. "Masikio ya kaka yangu hayo. Pole."

Anafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee, na alikuwa ameomba likizo ili anipikie. Binti yake, Zahra, amezaliwa London. Anaelewa Kiswahili chote, lakini kila neno hulijibu kwa Kiingereza, hata akiulizwa chumvi iko wapi.

Jumamosi asubuhi nilikuta mahamri, mbaazi za nazi na chai ya tangawizi. Nilikula kwa niaba ya baba. Kila nilipoinua mkono kutoka kwenye sahani, shangazi alisema, "Ongeza," nami nikaongeza, kwa kuwa sikujua mpaka wa kukataa unaanzia andazi la ngapi.

Kabla ya saa sita nilikuwa kwenye Mnara wa London. Ni ngome ya mawe ya karne nyingi, yenye handaki pembeni na taji za wafalme ndani, lakini kilichonishangaza ni kunguru. Kwetu pwani tunawatupia mawe. Pale wana mtunzaji mwenye sare, wanalishwa nyama, na inasemekana wakiondoka ufalme utaanguka. Nilimtazama mmoja aliyeshiba akijinyoosha kwenye nyasi, nikafikiria jamaa zake wa Tanga wanaogombea jalala, nikaona kwamba hata kwa kunguru, kupata makaratasi ya kuishi Ulaya ni bahati.

Alasiri nilifika kwenye lile duka la samaki. Sikuwa na njaa hata chembe. Lakini meza isiyopigwa na upepo ilikuwa wazi, na mtu aliyepanga kiasi kile hawezi kuiacha. Samaki alikuwa mrefu kuliko sahani, amefunikwa ganda nene la unga uliokaangwa. Nilimmiminia siki, nikamla hadi mkia.

Saa moja usiku shangazi alifunua sinia. Wali wa nazi, mchicha, na samaki changu mzima wa kupaka, aliyemfuata sokoni alfajiri kwa mabasi mawili. Nilimeza tonge la kwanza. La pili lilifika kooni likasimama kuuliza njia. Nikaanza kupanga upya wali pembeni mwa sinia ili uonekane umepungua.

Shangazi alinawa mkono kabla hajashiba. "Kaka yangu amekwambia usile kwangu?"

"Hapana, shangazi."

"Sema tu. Mimi si mtoto."

Nilipima majibu. Nikisema naumwa, atanipeleka hospitali. Nikisema huwa sili usiku, kesho atanishangaa. Nilikuwa bado napima Zahra alipoinama kwenye koti langu, akanusa, na kusema Kiswahili cha kwanza nilichokisikia kinywani mwake: "Mama, ananuka siki."

Shangazi akainama naye, akanusa.

"Umekula samaki?" shangazi akauliza. "Nje?"

"Ndiyo, shangazi. Nilikuwa nimepanga tangu Newcastle."

"Alikuwa mzuri?"

Huo ulikuwa mtego, na pande zote mbili niliona meno. "Hakuwa na chumvi," nikasema, na ilikuwa kweli.

Alinitazama, akatazama changu wake, mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka hadi akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Amekula samaki baridi huyu, hata chumvi hana, kisha anakuja kunifanya nimlaumu ndugu yangu bure. Kesho twende wote. Nataka kumwona huyo samaki."

Jumapili mchana tulikaa watatu mbele ya sahani moja. Shangazi alitoa chupa ya pilipili ya ukwaju kwenye mkoba, akamgeuza samaki kwa uma kama anayemkagua mgonjwa. "Amevaa koti," akasema. "Sijui kwa baridi au kwa aibu." Kisha akamla nusu.

Zahra alipokwenda kupiga picha za daraja, shangazi alibaki akitazama mto. "Siku bibi yako alipofariki, pasipoti yangu ilikuwa kwa watu wa uhamiaji," alisema. "Ningetoka, nisingeruhusiwa kurudi, na Zahra alikuwa ananyonya. Nilimweleza kaka yangu. Akasema nimechagua London, akakata simu." Akafunga chupa yake. "Bado anapenda visheti?"

"Sana."

Jumatatu ilikuwa siku ya makumbusho. Sikuyaona. Nilishinda jikoni nikikata unga huku shangazi akikaanga na Zahra akivingirisha visheti kwenye sukari na kula vilivyovunjika. Jioni waliniaga kiwanja cha ndege, begi likiwa na mfuko uliofungwa mara tatu.

Ndani ya ndege nilitunga hotuba kuhusu pasipoti, yenye mianzo minne. Kwa msomaji mwenye ndugu London ninayo nasaha: tazama mnara, tazama mto, lakini siku ya kwanza rudi nyumbani na njaa. Mimi nilidhani nimekwenda kula mji, kumbe kulikuwa na mtu aliyengoja miaka mingi mmoja wetu aketi kwake ale.

Nilifika Tanga Jumanne jioni. Nilianza mwanzo wa kwanza wa hotuba. "Baba, kuhusu pasipoti ya shangazi…"

Baba alikuwa ameshafungua mfuko. Alitafuna kisheti kimoja polepole, akachukua cha pili, akakitazama ndani.

"Nipe namba yake," akasema.

Nilimpigia mwenyewe, maana vidole vyake vilikuwa vimejaa sukari. Simu ilipopokelewa hakutoa salamu.

"Rukia," alisema, "visheti hukutia iliki."

Sikusikia jibu la upande wa pili. Nilimwona tu baba akivuta kiti, akikaa, na kumpungia mama mkono asiwashe redio.