Kwenda Kivinje na Macho Yanayolia

Niliondoka kwetu Mtanda, Lindi, kwa sababu ya macho. Mimba ilikuwa imeharibika ikaniachia saratani tumboni, na daktari Mwingereza wa Dar es Salaam akanipa vidonge vipya. Damu iliyokuwa ikinitoka ilipungua, lakini macho yakaanza kuwasha na kutoka machozi mchana kutwa. Niliamini ugonjwa umepanda kichwani. Niliposikia daktari yuleyule amekuja Kivinje kuona wagonjwa, nilifunga vidonge kwenye pindo la kanga. Nilikuwa nimeazimia: asiponieleza kitu, navitupa baharini.

Alfajiri, Lindi mjini, lori la korosho lilinipakia mbele. Dereva alinitazama akawasha gari. Mwanamke anayelia safarini haulizwi maswali.

Mto Mbwemkuru tulivuka kwa miguu ili lori liwe jepesi. Ng'ambo sikuiona, kwa machozi niliona weupe mtupu. Nilishika nguo ya abiria aliyenitangulia, nikavuka nikihofia kila hatua.

Kivinje tulifika baada ya adhuhuri. Dada yangu Mwanahawa alifungua mlango akanikuta nimesimama, bila taarifa, kanga kichwani, machozi yanatiririka. Kwetu mtu hafiki hivyo ila na habari moja. Akaketi chini akapiga yowe.

"Mama ametutoka, jamani, Mama ametutoka."

Majirani wakajaa, mikeka ikatandikwa uani.

"Mama mzima," nilisema. "Ni macho yangu tu."

Mwanahawa alinishika uso akautazama sana, kisha akalia kimyakimya. Na mikeka hakuna aliyeikunja, kana kwamba msiba sasa ni wangu mwenyewe. Hapo niliogopa kuliko mtoni.

Asubuhi, hospitali, daktari alinimulika macho kwa tochi, dresa, msaidizi wake, akatafsiri.

"Anasema ugonjwa haujafika huko. Ni dawa, inatoka hata kwenye machozi na kuyawasha macho. Ukiiacha sasa, saratani itarudi. Siku za kupumzika vidonge zikifika, macho yatatulia."

"Sitapofuka?"

Daktari alizima tochi akasema neno. "Anasema hadhani," dresa akajibu.

Nilimeza kidonge palepale. Lile "hadhani" nilirudi nalo njia nzima.

Mtanda, jioni, Mama alikuwa kizingitini.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Mbona unalia, mwanangu?"

"Silii. Ni dawa, na nimeambiwa nisiiache."

Alinifuta machozi. "Sasa siku ukilia kweli, nitajuaje?"

Safari nzima macho yangu yalikuwa yamenisemea uongo kwa kila mtu. Nilijifunza kwamba tangu sasa itabidi niseme mwenyewe, kwa mdomo.

"Ni leo, Mama," nikamwambia. "Leo nalia kweli."