Lugha ya Mtu Mmoja

Tangu utotoni walimwita Kasuku, na jina likamganda. Akikusikia ukipiga chafya leo, kesho atakupigia chafya yako hiyohiyo mpaka mama yako mzazi ageuke. Alimwiga shemeji yake akikoroma, akaiga na mlango wa choo unavyolalamika. Kazi yake ilikuwa umatroni katika shule ya bweni, na hata wasichana watukutu walikubali kulala mapema ilimradi awaigizie kwanza mwalimu mkuu akitoa matangazo.

Shule ilipofungwa kabisa, wakala wa ajira akamtafutia kazi ng'ambo: kumtunza bibi mmoja mgonjwa, nyumbani kwake. Dada yake mkubwa, ambaye ndiye angebaki na binti wa Kasuku, hakulala vizuri wiki nzima.

"Utaishije na watu ambao huwezi hata kuwaomba maji?"

"Dada, kwani hao wanaongea kwa masikio? Wana ulimi, nami nina wangu. Nipe miezi michache tu, utasikia nimeshagombana nao."

Wakacheka. Kasuku ndiye aliyecheka zaidi, maana ndiye aliyekuwa na hofu zaidi.

Bibi aliishi ghorofa ya tatu, katika nyumba ya vyumba viwili yenye mazulia mazito na harufu ya dawa ya kuchua. Mapazia hayakufunguliwa ila kwa kuombwa. Mwanawe wa pekee, mhandisi aliyekaa mji mwingine, alikuja kumpokea Kasuku. Akamketisha jikoni, akamweleza mambo kwa upole, neno moja moja, huku akigusa kichwa chake, kisha mdomo wake, kisha kichwa tena. Kasuku hakuambulia kitu. Lakini nani anapenda kuonekana mbumbumbu siku ya kwanza kazini? Kila mara mhandisi alipotua, yeye alisema "ndiyo". Neno hilo alifundishwa na wakala, na siku hiyo alilimwaga kama chumvi.

Alichokuwa akielezwa ni hiki: kwamba bibi alipigwa na kiharusi, na tangu hapo maneno yakamvurugikia kichwani. Anataka kusema hili, linatoka lile. "Usishike anachosema," alisema mhandisi, "mtazame anachotaka."

"Ndiyo," akasema Kasuku.

Mhandisi akashusha pumzi, akabandika namba yake ya simu ukutani, akaonyesha kwa ishara kwamba kukitokea lolote apigiwe yeye. Akaenda zake.

Basi shule ikaanza. Bibi alinyoosha kidole kwenye glasi ya maji, akatamka neno ambalo katika lugha ile maana yake ni kiatu. Kasuku akampa maji, akalirudia neno kwa lafudhi safi, kiatu, na bibi akapiga makofi kwa mkono mmoja juu ya paja, maana wa pili ulikuwa umekufa. Dirisha akaliita mama mkubwa. Kulala akakuita kuhesabu. Ajabu ni kwamba hakubahatisha: kiatu kilikuwa maji asubuhi, na jioni kilikuwa maji vilevile. Kwa muda mrefu kila aliyemsikiliza alimtazama kwa huruma na kumjibu kwa sauti ya kubembelezea watoto. Sasa amepata mtu wa kumjibu kama anavyojibiwa mtu mzima.

Na maumivu, bibi aliyaita maua. Kila asubuhi Kasuku alimchua magoti yake yaliyovimba.

"Maua?"

"Maua kidogo," bibi alijibu. Siku za baridi alisema, "Maua mengi," na Kasuku akaongeza dawa.

Wakazoeana kweli. Bibi akataka mama mkubwa afunguliwe, Kasuku akamfungua. Akataka kuhesabu, Kasuku akamfunika blanketi. Wakiwa wawili ndani hapakuharibika kitu. Huko nje Kasuku hakuongea na mtu. Dukani unachukua bidhaa mwenyewe, unaiweka kwenye mashine, unatoka. Siku moja kiu ilimbana akaomba maji kwenye kibanda kimoja. Muuzaji akamtazama miguuni, kisha akamwelekeza duka la ng'ambo ya barabara. Kasuku akarudi na kiu yake, akisema moyoni kwamba watu wa nchi hii wana maringo. Kila mara mhandisi alipokuja kumwona mama yake, siku hiyo ndiyo ilikuwa ya mapumziko ya Kasuku. Walipishana mlangoni, huyu akiingia, yule akitoka.

"Lugha nimeshaikamata," alimwambia dada yake kwenye simu. "Juzi nimemfanya bibi acheke mpaka meno yakamtoka, tukayatafuta chini ya kitanda."

Siku ya kuzaliwa ya bibi, mhandisi hakuweza kuja. Alituma shada kubwa la maua, likaletwa na kijana wa pikipiki. Kasuku aliliweka kwenye ndoo, maana hapakuwa na chombo cha kulitosha.

Hazikupita siku nyingi, bibi aliamka amejikunja, mkono umeshika tumbo. "Maua," alisema. Kasuku akadhani ni gesi, akampa maji ya moto. Bibi akayatapika. Jasho likamtoka, uso ukabadilika ukawa rangi ya majivu. "Maua, maua," akawa anasema, na sasa alikuwa analia.

Kasuku akaiendea namba ya ukutani.

"Maua!" alisema mhandisi alipopokea. "Mama, maua. Maua mengi!"

Alikuwa anasema, bibi ana maumivu makali. Mhandisi alisikia mama yake amefurahia shada.

"Ah, vizuri!" akasema. "Vizuri sana. Nimefurahi."

Akakata. Kasuku alibaki ameishika simu. Neno "vizuri" alilijua, bibi alikuwa hajaliharibu. Mwana gani huyu, anaambiwa mamaye anaumwa anasema vizuri? Pengine daktari yuko njiani, akawaza. Akarudi kitandani, akamfuta bibi uso, akangoja. Hakuja mtu. Akapiga tena, na mhandisi akamjibu kwa haraka, nyuma yake watu wengine wanazungumza. Mara ya tatu alikuwa amekasirika waziwazi.

"Nimeshasikia habari ya maua! Asante. Niko kazini."

Kasuku hakuelewa maneno, ila hasira haihitaji mkalimani. Akasema kwa lugha ya kwao, "Mungu akusamehe," akaweka simu chini.

Bibi alipoacha kulia, Kasuku aliogopa zaidi kuliko alipokuwa akilia. Akashuka ngazi mbio, akagonga mlango wa chini yake, kwa dereva mmoja mstaafu ambaye hawakuwahi kupeana hata salamu. Hakusema neno. Alimshika mkono akamvuta. Dereva alipomwona bibi, aliita gari la wagonjwa hapohapo.

Hospitali walimpasua bibi jioni ileile. Utumbo ulikuwa umejisokota. Hakuamka.

Mhandisi alifika akakuta mambo yamekwisha. Alimkuta Kasuku kwenye benchi la korido, akajaribu kumwuliza, sauti ikimkatika. Kasuku akajibu, naye sauti inamkatika, akarudia neno lake lile lile. Walikuwa wanapandishiana sauti pale msiba ukiwa bado wa moto, mpaka mfagiaji mmoja akaacha ndoo yake. Alikuwa mwanamke wa makamo, mtu wa kwao Kasuku; alikuwa amemsikia akiomba dua peke yake.

"Pole, mdogo wangu," akasema. "Huyu anauliza kwa nini hukumwambia kwamba mama yake anaumwa."

"Nilimwambia! Mara tatu! Nilimwambia ana maumivu makali, akaniambia vizuri!"

"Ulimwambiaje? Sema vilevile ulivyosema."

Kasuku akasema. Mfagiaji akamtazama kama mtu anayetafuta mahali pa kushika kisu asijikate.

"Mdogo wangu, hilo neno ni maua. Haya ya kupamba. Nani alikufundisha?"

Kasuku akageuza macho kwenye mlango alikoingizwa bibi. Mfagiaji akamweleza mhandisi, pole pole. Mhandisi akaketi. Walikaa watatu kwenye benchi lile, mpaka mhandisi akasema kitu.

"Anasema siku ya kwanza alikueleza," mfagiaji akatafsiri hatimaye. "Kwamba mama maneno yamemchanganyikia. Anasema ulikubali."

"Nilikubali," akasema Kasuku. "Mwambie sikuelewa hata neno moja."

Mhandisi aliposikia hayo alitikisa kichwa, si kwa hasira. Akasema jambo fupi, akaondoka kwenda kusaini karatasi.

"Amesemaje?"

"Anasema yeye ni mwanawe, ametembelea pale muda wote huo, na hakuwahi kujua kwamba maua ni maumivu. Alidhani anaropoka tu."

Nyumba ikafungwa, mazulia yakatolewa. Mfagiaji, ambaye Kasuku alianza kumwita dada, alimtafutia kazi ya kufulia mashuka hospitali hapohapo, chini kabisa, ambako mashine zinanguruma na hakuna anayelazimika kuongea. Wenzake walimwona ni mtu wa kutikisa kichwa. Akiambiwa jambo, alilirudisha kwa vidole, akaonyesha kitu chenyewe, akangoja mwenzake athibitishe, ndipo akatenda. Wakamchoka. Mmoja aliuliza kama ni bubu tangu kuzaliwa.

Kasuku hakumwambia dada yake wa nyumbani yaliyotokea. Alimwambia kwamba bibi amefariki kwa uzee, Mungu amlaze mahali pema.

Siku moja binti yake alichukua simu. "Mama, wenzangu shuleni hawaamini uko ng'ambo. Nifundishe neno moja tu nikawaringie. Lolote."

Maneno yakamjaa mdomoni, lafudhi safi, kila moja na sauti ya bibi ndani yake. Hakujua lipi ni la watu na lipi ni la marehemu.

"Mama? Unanisikia?"

"Nakusikia, mwanangu," akasema. "Nipe mama mkubwa niongee naye."

Mtoto akaita, na Kasuku akangoja, mashine zikizunguka nyuma yake.