Nakala Yangu ya Faili ya Maji

Nilikuwa karani wa jeshi kwa miaka mingi, na jeshini kila ofisi hutunza nakala yake ya amri. Ukimtuma karani akasome faili kwenye ofisi ya jirani, umemdharau. Nilipostaafu nilibaki hapa Kimaka, mjini Jinja, nikapata kazi katika mradi mdogo wa kupima maji ya visima. Tabia ile nikaja nayo.

Mwenzangu kazini alikuwa binti mmoja wa Namakwekwe, kule Mbale, aliyenifundisha kuandika programu nikiwa na mvi tele kichwani. Yeye ndiye aliyeandika maji.py, faili yenye kanuni za kuamua kisima kipi ni salama. Aliiweka kwenye folda ya zana, ambayo sote wawili tuliifikia kwa mtandao. Daftari langu la kompyuta, ninamojaza vipimo na kuona majibu papo hapo, lilikuwa kwenye folda nyingine. Nilipoandika import maji, yaani amri ya kuiita faili ile, likagoma kwamba halijui kitu kama hicho. Nikampigia simu.

"Afande, usikopi hiyo faili," alisema. "Ongeza tu njia ya folda kwa sys.path, ile orodha ya mahali kompyuta inatafuta, itaenda kuisoma pale."

Nikamjibu sawa. Kisha nikaikopi, nikaiweka kando ya daftari langu, na kazi ikaenda. Nilijiona mjanja kweli.

Baadaye binti aligundua kuwa kanuni yake imelegea, inapitisha maji yenye vijidudu. Akairekebisha, akanijulisha. Nikajibu "imepokelewa," kama nilivyozoea. Wiki ileile nikajaza vipimo vya kisima kimoja cha Buwenge kilichokuwa kimefungwa. Daftari likasema ni salama. Mama anayekitunza alikuwa akinipigia kila siku, maana watu wake walitembea mbali kutafuta maji.

"Bwana, sasa tunaweza chota?"

Nikamwambia achote.

Kesho yake binti akapiga kutoka Mbale. Alikuwa amejaza vipimo vilevile vya Buwenge, lakini kwake kisima ni kibaya. Nilikasirika, nikamwambia amekosea kujaza. Hakubishana nami.

"Afande, andika print(maji.__file__), utaona inasoma faili gani."

Nikaandika. Ikatokea folda yangu mwenyewe. Kompyuta huanza kutafuta hapo ilipo, na hapo iliikuta nakala yangu ya zamani, haikuhitaji kwenda kwingine. Nikaifuta, nikaongeza njia ya folda ya zana, nikaliwasha daftari upya ili lisahau yaliyopita. Safari hii likasema si salama.

Simu ya mama haikupatikana, kwa hiyo nikaenda Buwenge mwenyewe. Nilimkuta uani, jerikeni zimejaa, watoto wake wawili wanapokezana kikombe. Nikamwambia maji yamwagwe na kisima kifungwe, na kwamba kosa ni langu.

"Ni wewe jana ulisema iko sawa?"

"Ni mimi."

Akamnyang'anya mdogo kikombe, akamwaga. "Hawa wamekunywa tangu jana. Sasa nifanye nini?"

Nilimbeba mdogo, yeye akamshika mkubwa mkono, tukaenda kituo cha afya. Muuguzi akauliza nani aliwaruhusu kunywa maji yale. Mama alinigeukia, akaniacha nijibu mwenyewe.