Uvimbe Uliposhuka

Uvimbe ukishuka, ni uzima unarudi au ni kifo kinakaribia? Swali hilo lilininyima usingizi nilipokuwa mgonjwa. Nalitaja kwanza, kwa sababu huenda yupo anayelala nalo leo.

Kabla ya vita niliishi Nguba, mtaa wa Bukavu, kwa wazazi wangu. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu na natafuta kazi. Mapigano yalipofika mjini nilikimbilia msituni na Riziki, rafiki yangu wa darasani. Tulikula mihogo, basi. Kila kijito nilikiwazia kabla ya kuvuka. Riziki alinicheka: "Wewe, ma chère, hata kukohoa unafikiria kwanza."

Miguu yake ilivimba. Kisha akaanza kuhara, miguu ikanywea, tukafurahi. Akafa kando ya njia. Mimi na wakimbizi wengine tulimfunika kwa majani.

Niliporudi Bukavu, uso wangu ulikuwa umejaa na mashavu yanang'aa. Majirani walimpongeza mama: "Maman, mutoto amerudi munene." Lakini nikibonyeza mguu, shimo lilibaki. Nywele zilinyofoka, ngozi ya mapaja ilibambuka, kidonda cha kisigino kilikataa kufunga.

Daktari alisema ni bwaki, ugonjwa wa kukosa protini. Mama aliona haya.

"Bwaki iko ya batoto, Docta."

"Hata bakubwa banaipata, Maman. Kule alikula nini?"

Alinianzishia maziwa, kidogo kidogo. Baadaye akaongeza unga wa asidi amino. Alieleza kwamba hivyo ni vipande ambavyo mwili hujengea nyama, ngozi, nywele, na ile protini ya damu inayozuia maji yasivujie miguuni. "Lakini haiko chakula," alisema. "Unakula, halafu inasaidia." Unga huo ulikuwa mchungu, unanuka kama supu iliyochacha.

Nikaanza kukojoa sana. Uvimbe ukashuka, na chini yake nilikuwa mifupa. Mama akaficha kopo la unga. "Ile unga iko inakumaliza. Ulikuja munene, sasa ujiangalie." Nilimwamini. Kila nilipofumbua macho, Riziki alikuwa amekaa kwenye kitanda changu, miguu yake imenywea kama yangu.

Daktari alipokuja nilimweleza habari za Riziki.

"Ule unene wako ulikuwa maji," alisema. "Unasikia njaa?"

"Sana."

"Na rafiki yako, siku za mwisho?"

"Hapana. Muhogo wake alinipa mimi."

"Yeye mwili ulikuwa unazimika; wewe uko na njaa, uko unapona," daktari alisema.

Namshukuru Mungu, na daktari yule, na mama, aliyenipikia maharagwe na sambaza, samaki wadogo wa ziwani, mpaka nywele zikaota na kidonda kikafunga. Wewe unayeuguza mtu, usimnunulie unga huo bila daktari kumwona, hasa akiwa na figo mbaya. Wala usimwachishe dawa kwa sababu tu unamwona anapungua. Uliza kwanza.

Mimi siku ile sikuwa na hakika hata baada ya kuuliza. Riziki alikuwa bado amekaa pale, ananitazama. Nilimwomba mama kopo. Alisita, akalitoa chini ya vitenge vyake. Nikakoroga mwenyewe, nikanywa yote, nikaomba maharagwe.